Mto Moika, Nyumba Namba 12: Miaka 100 ya Makumbusho ya Pushkin

Mshairi mkuu wa Urusi hakuwa na nyumba mjini St Petersburg, alikuwa mpangaji. Alexander Pushkin alihamia kwenye jumba la ukoo wa Volkonsky, kando ya mto Moika, mwaka 1836 majira ya baridi yakikaribia, akiwa na mkewe Natalia, watoto wao wanne, dada wawili wa Natalia na rundo la madeni. Hakumaliza hata miezi mitano. Kwa hiyo makumbusho yaliyofunguliwa humo mwaka 1925 yanasimulia zaidi siku zake mbili za mwisho kuliko maisha yake.

Tarehe 27 Januari 1837, kwa kalenda ya zamani ya Urusi, alipigana kwa bastola na Georges d'Anthès, afisa Mfaransa aliyekuwa akimwandama Natalia, na ambaye mwezi huohuo alikuwa amemwoa dada yake Natalia. Risasi ilimwingia Pushkin tumboni. Mtumishi wake wa tangu utotoni, Nikita Kozlov, alimbeba hadi ndani, akalazwa kwenye kochi la chumba chake cha kazi, katikati ya vitabu. Alikata roho tarehe 29, saa tisa kasorobo mchana, akiwa na miaka 37.

Alipokuwa bado akipigania roho yake, watu walifurika mlangoni kiasi kwamba rafiki yake, mshairi Vasily Zhukovsky, alilazimika kubandika taarifa za hali ya mgonjwa. Serikali iliingiwa na hofu. Chumba cha kazi kikapigwa lakiri, maiti ikahamishwa usiku hadi kanisa la jirani, kisha jeneza likasafirishwa kimyakimya kwenda kuzikwa mkoani Pskov.

Mjane akaondoka na watoto, wakaingia wapangaji wengine, kuta zikabomolewa na kujengwa upya. Kabla ya mapinduzi ya 1917 jengo lilifikia hata kuwa na ofisi za polisi wa siri wa Tsar, watu ambao watangulizi wao walikuwa wakifungua barua za Pushkin na kuzisoma. Riwaya ingebuni hayo, tungesema mwandishi amezidisha chumvi.

Basi vyumba vilirudishwaje? Zhukovsky alikuwa amechora ramani ya nyumba nzima, na mafundi wakaifuata, hasa katika ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 1987, miaka 150 baada ya kifo. Leo mgeni huona kizibao alichovaa siku ya pambano, bakora zake, kishungi cha nywele zake, na sura yake iliyonakiliwa kwa plasta alipokufa. Vitabu rafuni ni nakala nyingine za vitabu vilevile. Maktaba yake halisi imehifadhiwa na Chuo cha Sayansi. Kila tarehe 10 Februari, kwa kalenda ya sasa, watu hukusanyika uani saa tisa kasorobo.

Mwafrika akifika pale, kinachomvuta zaidi ni kidau cha wino mezani, chenye sanamu ya mtu mweusi aliyeegemea nanga. Kilikuwa zawadi ya rafiki yake Nashchokin, iliyomkumbusha babu wa mama yake, Abram Gannibal, aliyechukuliwa Afrika akiwa mtoto, akalelewa na Tsar Peter Mkuu na kupanda hadi ujenerali. Wanahistoria bado wanavutana: wengine wanamtaja kuwa wa Eritrea, wengine wa upande wa Ziwa Chad. Pushkin mwenyewe alianza riwaya juu yake mwaka 1827, akaiacha njiani.