Bingwa Anapotundika Helmeti

Tarehe 5 Agosti 2021, huko Austria, bingwa wa mbio za pikipiki Valentino Rossi aliwaambia waandishi wa habari kwamba msimu ule ndio wa mwisho kwake. Alikuwa na miaka 42. Mashabiki wake, wale wa fulana za njano, wakagawanyika: wapo waliolia, na wapo waliosema amechelewa mno. Ubishi huo haujaisha hadi leo. Mimi naona pande zote mbili zinasahau kwamba, katika mbio za pikipiki, bingwa kujichagulia siku ya kuondoka ni anasa ambayo wengi waliomtangulia hawakuipata.

Ubingwa wa dunia ulianza mwaka 1949 katika Kisiwa cha Man, kwenye barabara za kawaida zilizopita katikati ya kuta za mawe na nyumba za watu. Shabiki wa enzi hizo alikwenda kumtazama kipenzi chake akijua huenda asimwone tena. Mwaka 1972 mshindani Gilberto Parlotti alifia mbioni kisiwani humo, na rafiki yake Giacomo Agostini akakataa kushindana tena huko. Mwaka uliofuata Jarno Saarinen na Renzo Pasolini wakafa Monza katika ajali moja. Kisiwa kikaondolewa kwenye ratiba ya ubingwa baada ya msimu wa 1976. Agostini alistaafu mwaka 1977 akiwa mzima, na mataji 15 mkononi. Ushindi wake mara 122 haujafikiwa na mtu.

Bingwa mwingine, Mike Hailwood, naye aliondoka bila sherehe. Timu yake ya Honda ilipojitoa mbioni mwishoni mwa miaka ya 1960, alihamia kwenye mbio za magari. Kisha, mwaka 1978, akiwa na miaka 38, akarudi kisiwani baada ya miaka 11 na kushinda kwa Ducati. Waliokuwapo hawakuacha kuisimulia siku hiyo. Miaka mitatu baadaye aliuawa na ajali ya gari kwenye barabara ya kawaida, baada ya kunusurika mbio zote zile.

Wengine walistaafishwa na mifupa yao. Wayne Rainey, bingwa mara tatu mfululizo, alianguka Misano Septemba 1993 akiwa anaongoza mashindano. Akapooza, na hakushindana tena. Mick Doohan, mwenye mataji matano, alivunjika vibaya Jerez mwaka 1999 na safari yake ikaishia hapo. Ndiyo maana Casey Stoner alipotangaza mwaka 2012 kwamba anaacha, akiwa na miaka 26 tu na ubingwa mara mbili, watu walishindwa kumwelewa. Walizoea kumlilia majeruhi. Kijana mzima anayesema tu kwamba imetosha walikuwa hawajamzoea.

Rossi aliwapa mashabiki kilicho kinyume: kwaheri ndefu. Mwaka 2004 aliiacha Honda iliyokuwa haishikiki, akaenda Yamaha, ambayo haikuwa imetwaa taji la daraja la juu tangu la Rainey la mwaka 1992. Mbio za kwanza zilikuwa hapa hapa Afrika, Welkom, Afrika Kusini. Akamshinda Max Biaggi kwa chini ya robo ya sekunde, akaegesha pikipiki kando ya njia na kuibusu. Mashabiki wengi husema mapenzi yao yalianzia hapo, nami siwashangai.

Taji lake la tisa alilipata mwaka 2009. La kumi lilimponyoka mwaka 2015 kwa pointi tano, katika msimu ulioharibiwa na ugomvi wake na mpinzani wake Marc Márquez. Alishinda mara ya mwisho Assen, mwaka 2017, na jukwaani katika daraja la juu akakwama kwenye mara 199. Wanaosema angeondoka mapema huzitaja tarakimu hizi. Lakini miaka hiyo hiyo alikuwa akiwanoa vijana kwao Tavullia, na mbio zenyewe zilikuwa salama zaidi: kingo za njia zilikuwa zimepanuliwa, na mavazi yenye mifuko ya hewa yamekuwa lazima tangu 2018. Mtu aliweza kuzeeka kwenye pikipiki na bado akarudi nyumbani.

Tarehe 14 Novemba 2021, Valencia, alimaliza wa kumi. Aliyeshinda ni Francesco Bagnaia, mmoja wa vijana wale, akiwa amevaa helmeti yenye mchoro wa zamani wa Rossi. Mwaka uliofuata Bagnaia akawa bingwa wa dunia, Mwitaliano wa kwanza wa daraja hilo tangu mwalimu wake.