Vincenzo Galilei na Mkazo wa Uzi

Kwa Kilatini, tendere ni kuvuta kitu hadi kinyooke. Humo ndimo lilimotoka neno tension, ambalo Waingereza walilipokea kutoka Kifaransa katika karne ya 16. Leo husikika zaidi katika habari za mataifa yanayozozana, lakini hapo mwanzo lilihusu vitu vinavyoshikika: msuli, kamba, uzi. Wagiriki waliuita mkazo tonos, na jina hilohilo wakaipa sauti itokayo kwenye uzi uliokazwa.

Kuhusu uzi huo ilisimuliwa hadithi tamu. Pythagoras, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ilisemwa, alipita karibu na wahunzi akasikia nyundo zao zikipatana kama muziki. Alipozipima akakuta uzito wa 12, 9, 8 na 6. Kisha akatundika uzito wa uwiano huo kwenye nyuzi, nazo zikatoa sauti zilezile. Wasomi waliirithishana hadithi hiyo kwa zaidi ya miaka 1,000.

Si kweli.

Aliyeifichua ni Vincenzo Galilei wa Florence, mpigaji wa ala ya nyuzi iliyotokana na udi wa Waarabu, udi uleule unaopigwa katika taarab. Yeye alitundika uzito, akasikiliza. Ukiukata uzi nusu, sauti hupanda oktava moja. Hapo wazee walisema kweli. Ila ukitaka oktava hiyo bila kugusa urefu wa uzi, uzito lazima uongezwe mara nne, wala si mara mbili kama hadithi ilivyodai. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1589, katika kitabu cha kumpinga Zarlino, mtaalamu wa nadharia ya muziki aliyekuwa mwalimu wake. Dunia humkumbuka zaidi mwanawe, Galileo, aliyeieleza kanuni hiyo mwaka 1638. Baba anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa, kwa kuwa alithubutu kuuliza uzi wenyewe badala ya vitabu.

Baada yake mkazo ukawa kitu cha kupimwa. Mwaka 1820 mwanafizikia Mfaransa Ampère aliutofautisha mkazo wa umeme na mkondo wake, na mpaka leo Wafaransa huziita nyaya za umeme mkubwa haute tension. Mwaka 1896 daktari Riva-Rocci wa Italia alitengeneza kifaa cha kufunga mkononi, chenye zebaki, kikapima msukumo wa damu mishipani. Kifaransa kikauita huo nao tension. Ndiyo maana mgonjwa wa Kongo husema ana tension, na wa Tanzania husema ana presha.