Gome Chungu la Malabar

Tabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, anayetengeneza dawa ya gome la mti wa kurchi hulipondaponda, akapima sehemu 1 ya gome kwa sehemu 16 za maji, kisha akachemsha kwa moto wa taratibu mpaka zibaki sehemu 2. Kipimo hicho cha mchemsho kimo katika Sharangadhara Samhita, kitabu cha tiba cha enzi za kati. Kinachochujwa ni maji ya kahawia, machungu kama shubiri, ya kumpa anayeharisha, hasa anayeharisha damu. Karne nyingi kabla yake, Charaka Samhita, kitabu kingine cha tiba, ilikwisha kulisifu gome hilo kwa kuzuia na kukausha.

Mwaka 1534 Garcia de Orta, daktari Mreno, alihamia India. Katika kitabu chake kilichochapwa Goa mwaka 1563, alikiri kwamba matabibu wa Malabar, pwani ya kusini-magharibi mwa India, walikuwa na dawa yao ya mitishamba ya kutibu kuhara damu. 

Zaidi ya miaka 100 baadaye tabibu wa Malabar alitoa elimu yake kwa jina lake mwenyewe. Hendrik van Rheede, gavana wa Waholanzi huko Cochin, alitaka mimea yote ya Malabar ichorwe na kuelezwa. Akamwita Itty Achudan, tabibu wa jamii ya Ezhava, ambaye ukoo wake ulikuwa umerithishana elimu ya dawa katika maandiko ya majani ya mvumo. Tarehe 20 Aprili 1675 Achudan alitoa ushuhuda wake kwa maandishi, kwa lugha yake ya Kimalayalam. Ushuhuda huo ulichapwa Amsterdam mwaka 1678, mwanzoni mwa juzuu la kwanza la Hortus Malabaricus, kitabu cha van Rheede kuhusu mimea hiyo. Ndani ya juzuu hilo mti wa kurchi umo, kwa jina lake la Kimalayalam.

Wanakemia wa karne ya 19 walitenga kemikali ya konesini kutoka katika gome la kurchi, na madaktari wakaitumia kupambana na amiba wa tumboni. Ilifanya kazi, lakini iliwasumbua wagonjwa mishipa ya fahamu, ikaachwa dawa nyingine zilipopatikana. Huko Malabar kwenyewe, katika Kerala ya leo, mwaka 1902 P. S. Varier alifungua Arya Vaidya Sala mjini Kottakkal. Akaanza kuuza michemsho iliyokwisha tayarishwa, na familia zikapumzika kazi ya kuchemsha dawa nyumbani kila siku.

Lakini Hortus Malabaricus ilibaki katika Kilatini. K. S. Manilal, mtaalamu wa mimea wa Kerala, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuifasiri. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 2003, na ya Kimalayalam mwaka 2008. Hapo ndipo watu wa Malabar, ambao babu zao ndio waliokuwa na elimu hiyo, walipoweza hatimaye kukisoma kitabu hicho kwa lugha yao wenyewe.