Nani Aliyehesabu? Mirabaha ya Mtunzi na Maonesho ya Hadhara Afrika Mashariki

Mwaka 2019 wanamuziki wa Kenya waligawiwa mirabaha ya shilingi 2,530 kila mmoja. Wengi walikasirishwa na udogo wa kiasi hicho, na walikuwa na haki ya kukasirika. Hata hivyo, kilichopaswa kutushtua zaidi ni kwamba kiasi kilikuwa kimoja kwa wote. Aliyepigwa redioni kutwa kucha na ambaye wimbo wake haukusikika popote walihesabiwa sawa, maana yake hawakuhesabiwa kabisa. Hoja yangu ni kwamba mtunzi wa Afrika Mashariki ananyimwa haki yake hasa kwa sababu hakuna anayeandika nyimbo zipi zimepigwa, na kwamba fedha zitakazokusanywa bila rekodi hiyo, hata zikiwa nyingi kiasi gani, hazitamfikia mwenyewe.

Sheria tunazo. Tanzania Bara ina Sheria Na. 7 ya mwaka 1999, Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, Zanzibar ilipata yake mwaka 2003. Na Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 40, inaitaka dola ilinde mali ya ubunifu. Sheria hizo tatu zinampa mtunzi haki ya kulipwa kazi yake inapopigwa hadharani. Msingi wa haki hiyo ni wa zamani. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget aliketi katika mkahawa mmoja wa Paris, akasikia kazi yake ikipigwa kuburudisha wateja, akagoma kulipia kinywaji mpaka naye alipwe. Mahakama ilikuwa upande wake, na mwaka 1851 kikazaliwa chama cha SACEM, ambacho mpaka leo kinakusanya na kugawa mirabaha ya watunzi. Mwenye baa wa Mwanza au Kisumu anayesema redio imeshalipa anasahau hoja ya Bourget: kituo kimelipia kurusha matangazo, yeye anatumia wimbo huo huo kumfanya mteja akae na kuagiza tena.

Tatizo linaanzia kwenye leseni ya kupiga muziki hadharani. Kwa kuwa mtunzi hawezi kuzunguka kumbi zote, chama cha kukusanya mirabaha humuuzia mwenye ukumbi leseni ya jumla, na bei yake hupangwa kwa aina na ukubwa wa biashara. Leseni hiyo inaeleza ukumbi unaingiza watu wangapi. Haielezi ni nyimbo zipi zilizowachezesha.

Tazama kompyuta ya DJ kwenye harusi. Faili zimepangwa kwa jina la mwimbaji, kisha jina la wimbo, pengine na jina la mwimbaji mwalikwa. Mtunzi wa maneno hayumo, aliyetia sauti, yaani melodi, hayumo. Hata DJ mwaminifu kupita wote akikabidhi orodha yake asubuhi, chama kitajua nani aliimba, na hapo ndipo haki ya mtunzi inapomezwa na hakishiriki, yaani haki ya mwimbaji. Katika taarabu hasara hii ni kubwa mno. Shairi huwa la mtu mmoja, sauti ya mwingine, na jina linalobaki midomoni mwa watu ni la mwimbaji. Tumejenga fasihi nzima ya mapenzi na mafumbo juu ya mabega ya malenga ambao ukumbi unaoshangilia beti zao hauwajui.

Wimbo wa Malaika unaonesha gharama ya uzembe huu. Fadhili William aliurekodi, Adam Salim akadai ni utunzi wake, Miriam Makeba akauvusha mipaka, Boney M. nao wakauimba, huku ubishi wa umiliki ukiendelea. Jambo Bwana wa Them Mushrooms, kazi ya Teddy Kalanda Harrison, una mtunzi anayejulikana, lakini nao una shida yake. Bendi za hoteli za pwani huwapigia watalii wimbo huu jioni baada ya jioni, na sehemu kubwa ya upigaji huo haipiti redioni wala mtandaoni. Bendi isipoandika, hakuna chombo kingine kitakachojua.

Marekani iliegemea upande wa pili: redio za kawaida humlipa mtunzi na hazimlipi mwimbaji. Otis Redding alitunga Respect, Aretha Franklin akaufanya wa dunia nzima, na mirabaha ya redio ikaenda kwa upande wa mtunzi peke yake. Siupendekezi mfumo huo, kwani unamdhulumu mwimbaji. Nautaja kwa sababu moja tu: pale mtunzi ana jina kwenye kumbukumbu, na jina hilo ndilo linalomlipa.

Mageuzi yetu yamehangaika na swali la nani akusanye. Nchini Kenya, mwaka 2017 leseni ya kukusanya mirabaha iliondoka kwa chama cha MCSK ikapewa chama kingine, kesi zikafuata. Nchini Tanzania, marekebisho ya sheria ya 2022 yaliigeuza COSOTA kutoka chama cha kukusanya kuwa ofisi ya usimamizi, kazi ya kukusanya ikaachiwa vyombo binafsi. Yote hayo yanaweza kuwa na manufaa. Lakini mkusanyaji mpya anayerithi daftari tupu atagawa kwa kukisia kama aliyemtangulia.

Kwa hiyo sharti la kwanza la kuhuisha leseni ya kituo cha redio liwe orodha kamili ya nyimbo zilizorushwa, ikiwa na majina ya mtunzi wa maneno na wa sauti. Vituo vingi vinapiga muziki kwa programu za kompyuta, na orodha ya kuanzia tayari imo humo. Kumbi kubwa na hoteli zitoe orodha ya kila onesho la bendi, ikitiwa saini na kiongozi wa bendi. Baa ndogo na matatu hazitaweza, na si haki kuzitwisha mzigo huo; kwazo chama kifanye sampuli za wazi, kwa maeneo na majira tofauti, na kichapishe namna zilivyochukuliwa ili mtunzi aweze kuzipinga. Na kazi isisajiliwe kwa jina la mwimbaji pekee mpaka yeye mwenyewe atamke kwa maandishi kwamba ndiye aliyeitunga.