Koshenili wa mihogo na saa mbili za kuhesabu wakati

Karibu mwaka 1973 mdudu mweupe alionekana kwenye mihogo ya Kinshasa, na ng'ambo ya mto, Brazzaville. Njo koshenili wa mihogo, yule tuliyemusoma ku masomo ya wadudu. Alitoka Amerika ya Kusini na huku hakukuta adui. Ncha za mihogo zilijikunja, sombe ikakosekana, mizizi ikabaki midogo, na kwa miaka michache akaingia nchi nyingi za Afrika. Kwa watu wanaokula muhogo kila siku, hiyo ni njaa.

Watafiti wa IITA kule Ibadan, Hans Herren akiwa mbele yao, walileta nyigu mdogo sana kutoka Paraguay, Apoanagyrus lopezi, anayetaga ndani ya mwili wa koshenili. Walianza kumwachilia Nigeria mwaka 1981. Swali lilikuwa hili: nyigu atawapunguza koshenili na kuishi nao, ao atamaliza chakula chake, afe, kisha koshenili warudi?

Hesabu za zamani zilitoa majibu mawili, na tofauti kubwa ilikuwa saa. Lotka (1925) na Volterra (1926) waliandika wakati unaotiririka kama mto: kila dakika mmoja anazaliwa, mwingine analiwa. Kwao mlaji na mliwa wanapanda na kushuka bila mwisho. Nicholson na Bailey, Australia, mwaka 1935, walihesabu kwa hatua: kizazi hiki, kisha kile, katikati hakuna kitu. Kwao mawimbi yanakua paka mmoja anaisha. Mwaka 1974 Robert May akaonyesha kwamba hata mdudu wa aina moja, peke yake, anaweza kuyumba ovyo katika hesabu ya hatua, pahali hesabu ya mtiririko inatulia. Si uchawi. Kwenye hatua, kizazi kizima kinazaliwa mbele ya habari kufika kwamba shamba limejaa.

Sasa koshenili ni wa saa gani? Hawana madume, kila jike anataga peke yake, na kwenye ncha moja unakuta mayai, watoto na wakubwa pamoja. Vizazi vinapandana, kwa hiyo hatua za kizazi hazimfai. Lakini mtiririko wa Volterra nao unasahau umri: yai la nyigu ndani ya koshenili mdogo mara nyingi linatoa dume, ndani ya mkubwa linatoa jike, na jike njo anayetaga.

Mwaka 1988 Andrew Gutierrez wa California, pamoja na Herren, Peter Neuenschwander na wengine, walichapisha modeli ya muhogo mzima na wadudu wake. Wadudu wana umri, wanakomaa polepole, na hali ya hewa inaingia siku kwa siku. Huko shambani, nyigu alienea na koshenili wakashuka, wakabaki chini katika sehemu nyingi.

Kwetu Haut-Katanga mvua inanyesha karibu Novemba mpaka Aprili, kisha kiangazi kirefu, na koshenili anapenda kiangazi. Mwanafunzi anayehesabu mara moja kwa mwaka, Februari kwa mfano, atakuta mvua imekwisha kuwaosha, na ataandika kwamba shamba ni zima. Kwa mbegu za mahindi, zinazopandwa mara moja kwa mwaka, hatua ya mwaka inatosha. Kwa koshenili, mimi ningehesabu kila wiki, tangu Mei.