Milanzi na Kisa cha Kigoda

Milanzi leo ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, na mgeni anaweza kuipita asijue kwamba hapo ndipo wazee wa Ufipa wanapoanzia kuhesabu watawala wao. Wa kwanza, husema, ni Ntatakwa, aliyeshuka kutoka mbinguni.

Kuna kisa cha kigoda. Mtawala wa Milanzi alikwenda kuwinda, akamuusia mkewe: wageni wakija, wasikikalie kigoda changu. Wakaja kweli, wanawake wa ukoo wa Watwa (si Watwa wale wa misituni). Mama akaona haya kuwaacha wamesimama, akawapa. Mumewe alirudi mbio, akakuta wamekwisha kukaa. Wakapatana: Watwa watawale nchi, yeye abaki na Milanzi na heshima ya mwenyeji.

Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza, aliyakusanya masimulizi haya Ufipa katika miaka ya 1960. Kinachonishangaza mimi ni kwamba walioshinda waliacha kisa hiki kisimuliwe, ingawa kinawaonyesha wameingia kwa kubahatisha ukarimu wa mke wa mtu. Nadhani walikihitaji. Mgeni hutawala kwa raha zaidi akiwa na mwenyeji wa kushuhudia kwamba alikaribishwa.

Watwa wenyewe hawakukaa kwa amani. Waligawanyika nyumba mbili, Nkansi na Lyangalile, zikapigana. Wangoni nao walipiga kambi Ufipa, na kiongozi wao Zwangendaba akafia huko mnamo 1848. Warithi wake wakagombana, wakatawanyika.

Milanzi inatajwa pia pamoja na wafua chuma. Tanuri la Kifipa, ilungu, ni mnara wa udongo uliomzidi mtu kimo, usiovukutwa: upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini. Chuma ghafi kilihamishiwa kintengwe, tanuri dogo lenye mivukuto, ndipo kikasafishwa na kufuliwa jembe. Majembe ya dukani kutoka Ulaya yaliiua kazi hiyo wakati wa ukoloni, na malungu yakaachwa yabomoke mashambani.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta utemi nchini kote. Nkansi na Lyangalile zikapoteza vyeo na mamlaka. Milanzi ilikuwa imeyatoa mamlaka yake zamani, kwa hiyo sheria haikukuta mengi ya kuichukulia.