Bruda Stefan na Ua la Baba Mtakatifu

Tukisoma historia ya Kanisa tunakutana na mapapa, maaskofu na wafiadini. Ni vema. Lakini Kanisa lina pia watu wake wa jembe. Leo nataka kuwasimulieni habari za mmoja wao, mtawa aliyetumikia Mungu na watu kwa mimea itambaayo ukutani.

Jina lake ni Stefan Franczak, mtu wa Polandi, aliyezaliwa mwaka 1917. Mwaka 1948 aliingia katika Shirika la Yesu, ndio Wajezuiti. Akawa bruda, siyo padri. Mwaka 1950 alifika Warszawa, mji mkuu wa nchi yake, akatunza bustani ya nyumba ya shirika iliyo katika njia ya Rakowiecka.

Yafaa tujue nyumba ile ilikuwa imepatwa na nini. Tarehe 1 Agosti 1944 watu wa Warszawa waliinuka kupigana na Wajerumani walioiteka nchi yao. Kesho yake askari wa Hitler waliingia katika nyumba hiyo ya Wajezuiti, wakaua watu wapata 40. Kati yao 16 walikuwa watawa wa shirika. Mapigano ya mjini yalidumu siku 63, kisha sehemu kubwa ya mji ikachomwa na kubomolewa. Vita ilipokwisha, wakomunisti wakatawala, na Kanisa likabanwa. Mwaka 1953 Kadinali Stefan Wyszyński, Askofu Mkuu wa Warszawa, alitiwa kifungoni, asirudi katika jimbo lake mpaka mwaka 1956.

Basi, katika mji huo wa majivu na hofu, Bruda Stefan alishika jembe lake. Alipanda maua ya namna nyingi, lakini moyo wake ulivutwa zaidi na klematisi. Mmea huu hauna mikono ya kujishikia kama mzabibu: vikonyo vya majani yake ndivyo vinavyojizungusha kwenye fito au uzi, na hivyo hupanda juu. Sisi pia tunao jamaa zake. Katika misitu ya milima yetu ya Kivu yuko klematisi wa mwitu, mwenye maua madogo meupe yanayofunika vichaka.

Bruda hakutosheka na kupanda tu; alitaka kuzalisha maua mapya. Kazi hiyo yataka uvumilivu. Mtu huchukua vumbi la ua moja, huligusisha ua la pili, hungoja mbegu, huzipanda. Mbegu za klematisi wenye maua makubwa huweza kukaa udongoni mwaka mzima au kupita, bila kuota. Zikiota, lazima kungoja tena miaka kadhaa mpaka ua la kwanza. Na miche mingi haina sifa: hutupwa. Lakini ule mmoja ulio mzuri huzidishwa kwa vipandikizi, wala si kwa mbegu, maana mtoto wa mbegu hafanani na mzazi wake, bali kipandikizi ni mmea ule ule. Kwa njia hiyo Bruda Stefan alipata aina mpya zaidi ya 50.

Tazameni sasa majina aliyoyatoa. Moja aliliita Westerplatte, mahali ambapo askari wachache wa Polandi walijitetea mwezi wa Septemba 1939. Jingine Monte Cassino, kwa ajili ya askari wa Polandi waliopigana kule Italia mwaka 1944. Jingine Kadinali Wyszyński. Jingine Mama Urszula Ledóchowska, mtawa aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2003. Bustani ile ikawa kama kitabu cha historia ya taifa, na watu wa mji walikuja kuitazama.

Tarehe 16 Oktoba 1978 Kadinali wa Kraków alichaguliwa kuwa Papa. Bruda Stefan akampa Baba Mtakatifu zawadi ya mtunza bustani: ua lenye jina lake, Jan Paweł II. Petali zake ni nyeupe kama maziwa, na katikati ya kila moja pana mstari wa rangi ya waridi. Maua yanayochanua nyuma ya mengine ndiyo yanayoonyesha rangi hiyo zaidi. Jim Fisk, muuza miche wa Uingereza, aliyaeneza maua ya Bruda katika nchi nyingine, na tangu miaka ya 1980 ua la Papa hupandwa mbali na Warszawa. Papa huyo huyo sisi Wakongo tulimpokea mwaka 1980, tena mwaka 1985, alipomtangaza Anuarite mwenye heri huko Kinshasa.

Mwenye kuupanda mmea huo nyumbani hufanya hivi. Achimbe shimo refu lenye mbolea iliyooza, na kuzamisha shina chini zaidi kidogo kuliko lilivyokuwa katika chungu, ili likivunjika lichipuke tena toka chini. Mizizi yake hupenda ubaridi, basi mguu wake ufunikwe kwa mimea mifupi. Kichwa chake hupenda jua. Auwekee fito za mita tatu hivi, na asiache udongo ukauke.

Mguu kivulini, kichwa katika mwanga: ndivyo alivyoishi Bruda Stefan mwenyewe mpaka alipofariki mwaka 2009. Hakuhubiri katika mimbari, hakuandika barua za kichungaji. Hata hivyo, wakati wenye nguvu walipotaka watu wasahau, yeye aliandika majina ya wapendwa wao juu ya maua, na maua hayo yangali yanachanua.

Nasi katika misioni zetu tulikuwa na mabruda waliochoma matofali, waliopanda miti ya matunda, waliofundisha useremala. Wengi wao majina yamekwisha kupotea. Ndugu msomaji, ukipita chini ya mti wa zamani karibu na kanisa lenu, waulize wazee: nani aliupanda? Ukiambiwa jina lake, liandike, nawe umwombee.